Mtunza Vitu vya Bwana Fimbo

Muuza vitenge hakuwahi kucheza gofu maishani mwake. Alikuwa na fimbo mbili za mchezo huo, moja imevunjika shingo, na alizishika kama mtu anavyoshika mtoto wa mwenzake, kwa viganja vyote viwili na kwa hofu ya kumrudisha akiwa na mchubuko. Siku moja nilimuuliza kama anazijua kanuni za mchezo wenyewe. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza mtunza msikiti kama anajua kufuma mazulia.

"Mimi natunza, Mwalimu," alisema. "Kucheza alicheza mwenyewe."

Huyo mwenyewe alikuwa kiongozi wa zamani, mtu mkubwa wa siasa aliyeletwa huku nyanda za juu za Kigoma miaka ile watu walipokuwa wakiondolewa milimani na kupangwa kwenye vijiji vya kando ya barabara. Muuza vitenge alimwita Mkuu. Watu wa Kibondo walimwita Bwana Fimbo, na hawakuwa wakitania. Inasemekana mchana kutwa alikuwa mjamaa safi, kwa hotuba na kwa mavazi. Jioni alivaa viatu vyenye misumari kwenye soli, akavaa glavu mkono mmoja tu, akaenda kupiga vimipira vyeupe peke yake kwenye mteremko mmoja wa Kumsenga ambao wenyeji wake walikuwa wamekwisha kuondolewa. Baadaye alihamishwa kikazi, akapanda vyeo, akazeekea Dar es Salaam, na nadhani alitusahau. Muuza vitenge hakumsahau.

Mimi nilifika Kasulu mwaka 2012 kufundisha historia kwenye chuo cha walimu. Nilikuwa na shahada mbili, kitambi kinachoanza, na imani kwamba wilaya nzima ilikuwa ikinisubiri. Nilipanga chumba kwenye ua uliopakana na duka lake, nikawa namwona kila asubuhi ukungu ukiwa bado umelala barabarani: mtu mrefu, mkavu, kanzu chini ya sweta la kijivu, akitundika vitenge mlangoni. Baba yake alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo, akabaki. Yeye alizaliwa huku, akaoa huku, alijua Kiha cha sokoni na cha matusi, lakini wateja bado walimwita Mswahili, na yeye bado aliwaita "watu wa huku".

Alikuwa mwongo kwa kadiri ya biashara. "Rangi haitoki, mama, ukiifua hata na maji ya moto," alimwambia mteja, na wote wawili walijua kwamba rangi itatoka. Lakini kwa vitu vya Mkuu hakuwa na uongo hata chembe. Kuna mtu alimletea mpira wa gofu mpya kabisa, akidai umefukuliwa shambani. Muuza vitenge aliunusa, akaulamba, akamrudishia. "Huu haujalala kwenye udongo wetu," alisema. "Na wewe usilale Kasulu leo."

Mipira ya kweli ilitoka kwenye mashamba ya mihogo. Watu walikuwa wameipata kwa jembe miaka yote hiyo, wakaipa kazi. Mwanamke mmoja aliuweka wake chini ya kuku ili kumdanganya atage. Mwingine alisugulia nao sufuria. Muuza vitenge aliwafuata mpaka majumbani mwao kwa baiskeli, akawabadilishia kwa kitenge, na hapo mkono wake uliokuwa mgumu dukani ulilegea ajabu. Mjane aliyenyimwa nusu dhiraa ya nyongeza wiki iliyopita alirudi nyumbani na doti nzima kwa sababu ya mpira uliotafunwa na mbwa.

Vitu hivyo vilikaa chumba cha nyuma, juu ya meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe. Fimbo mbili. Kiatu kimoja cha misumari. Cha pili, aliniambia kwa uchungu, kilikatwa viraka na fundi baiskeli wa Kibondo kabla hajamwahi. Glavu ya mkono wa kushoto, ngumu kama ngozi ya samaki aliyekaushwa. Kofia. Chupa ya chai. Na kopo la bati, refu kama mkono mpaka kwenye kiwiko, lililokuwa la mafuta ya kupikia, likakatwa na kuzikwa kwenye kiwanja ili liwe kishimo cha kuingizia mpira. Hilo ndilo alilolipenda kuliko vyote.

"Vingine nilipewa," aliwaambia wageni. "Hili nililichimba mwenyewe."

Aliniomba niandike vikaratasi vya maelezo, kama kwenye makumbusho. Niliona kwamba hatimaye elimu yangu imepata pa kutumika. Niliandika, "Glavu, mkono wa kushoto." Niliandika, "Kopo." Nilipofika hapo shahada zote mbili zikawa zimekwisha kazi, maana tukimwondoa mwenye vitu, vitu vyenyewe havikuwa na habari nyingine ya kusema, na habari za mwenye vitu muuza vitenge hakutaka ziandikwe.

"Alikuwa mtu mwema?" nilimuuliza siku hiyo.

"Sikumuuliza."

"Nakuuliza wewe, mzee wangu, si yeye."

"Mtunza amana haulizi," alisema, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka tayari.

Neno hilo la amana lilikuwa na historia, na alinisimulia mara moja tu, tukila samaki wa migebuka kwake siku ya Idi. Alikuwa kijana ndevu hazijaota, akimsaidia baba yake kupeleka nguo Kibondo. Walipita Kumsenga jioni. Mkuu alikuwa juu ya mteremko na fimbo yake. Alimwita kijana kwa kidole, akampa mpira mkononi, akasema, "Nishikie, nakuja." Kisha akaingia kwenye gari lililokuja kumchukua, akaondoka. Hakurudi. Kijana alisimama pale mpaka baba yake akaja kumvuta sikio.

"Mpira ule uko wapi?" nilimuuliza, maana kwenye meza mipira ilikuwa mingi.

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa sweta, akautoa, akaurudisha. Ulikuwa umebadilika rangi ukawa kama jino la mzee. Mke wake, mama mnene mcheshi kutoka Muyama, alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Mwalimu, mimi nimeolewa uke wenza na kile kitu. Akilala kiko chini ya mto. Nikimwambia kitupe, ananiambia si changu."

"Si changu kweli," alisema mumewe.

Jambo moja kumhusu lilinichekesha, kabla halijaacha kunichekesha. Alikuwa mwoga wa makaburi. Aliuza sanda, aliuza vitenge vya sare za misiba, alijua nani kafa Kasulu nzima kabla ya shekhe na padri, lakini mazikoni hakwenda. Alituma mchango na mke. Akipita njia yenye makaburi alishuka kwenye baiskeli akazunguka shambani kwa watu. Nilimtania kwamba siku yake ikifika tutamzika sokoni. Hakucheka.

Mwaka wa pili wa kukaa kwangu, wakati wa mavuno ya maharage, alikuja bibi mmoja kutoka Kumsenga. Nilikuwepo dukani. Alikuwa mfupi, amejifunga kitenge kilichopauka, na alisalimia kama wazee wa Kiha wanavyosalimia, akiinama na kupiga makofi taratibu, salamu juu ya salamu, mpaka muuza vitenge naye akalazimika kupiga makofi na mita ya kupimia iko shingoni. Bibi alitoa mpira kwenye fundo la nguo. Muuza vitenge akashusha kitenge kizuri. Bibi akakisukuma.

"Sitaki nguo. Nimeambiwa una kopo."

Tulimpeleka chumba cha nyuma. Fimbo hakuzitazama. Kiatu alikipita kwa mbali. Alisimama mbele ya kopo, akalishika, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akanusa vidole.

"Ulilitoa wapi, baba?"

"Kiwanjani kwa Mkuu, juu ya Kumsenga," alisema muuza vitenge kwa fahari ileile ya kila siku. "Nililichimba mwenyewe, bibi."

"Ulichimba ukafika wapi?"

"Nilipofika mwisho wa kopo."

"Na chini yake?"

"Udongo."

"Mgumu?"

Alifikiri. Kwa vitu vya Mkuu, nimesema, hakuwa na uongo. "Laini," alisema. "Mahali pengine pote ni kokoto. Pale palikuwa laini."

"Ego," alisema bibi, yaani ndiyo. Akapiga makofi tena, taratibu, kama mtu anayeaga. Akaacha mpira juu ya meza na kwenda zake. Muuza vitenge alifurahi kwamba amepata mpira bure. Mimi nilirudi chumbani kusahihisha mitihani, na nakumbuka sikusahihisha hata mmoja.

Mkuu alikufa mwaka uliofuata. Redio ilisema asubuhi, kati ya bei za mazao na salamu za wasikilizaji: amefariki baada ya kuugua, atazikwa huko huko Dar es Salaam, watoto wake wanarejea kutoka ng'ambo. Sekunde chache tu, kisha muziki.

Muuza vitenge alifanya jambo ambalo mtu yeyote wa pwani mwenye adabu angelifanya. Alifunga duka. Alitandika mikeka miwili barazani, akakaa chini, akashika tasbihi. Wapita njia walisimama.

"Kuna nini, Mswahili? Nani kafa?"

"Mkuu. Yule wa Kumsenga."

"Ndugu yako?"

"Hapana."

"Sasa mkeka umeutandika kama nani?"

Alisita, kisha akajibu ukweli: "Kama mtu mwenye vitu vyake."

Waliouliza walitazamana. Mmoja, mzee aliyekuwa akipeleka ndizi sokoni, aliegesha baiskeli, akavua kofia, akakaa mkekani. Akainuka na kusema, "Pole kwa msiba." Nami nilimwambia muuza vitenge pole, maana nilidhani ni heshima tu. Kesho yake mikeka ilikunjwa na duka likafunguliwa, na muuza vitenge alidhani jambo limekwisha.

Siku ya tatu ulikuja mzigo wa kuni.

Aliyeuleta alikuwa mwanamke asiyemfahamu, katembea nao kutoka mbali. Aliutua mlangoni, akasema pole, akaondoka. Kisha ukaja unga wa muhogo kwenye kapu. Kisha kuni tena, kisha jogoo, kisha mawese kwenye chupa. Wote walitoka upande wa Kumsenga, wote walisema neno hilohilo kwa sauti ya chini, na hakuna aliyekubali kununua wala kuuza kitu. Mwanzoni mke wake alishangilia. "Kumbe watu wanakupenda!" Akapika, wakala. Mimi pia nilialikwa, na jogoo yule alikuwa mtamu.

Kisha mumewe akaenda kunyoa.

Kinyozi wake alikuwa kijana wa Kasulu mwenye kibanda, kioo kikubwa na redio kubwa zaidi. Alimkaribisha kitini, akamfunga shuka shingoni, halafu akasimama na mashine mkononi haiwashi.

"Mzee, siwezi."

"Umeme umekatika?"

"Umeme upo. Wewe ni mfiwa. Kwa kwetu mfiwa hanyolewi mpaka msiba uondolewe. Nikikunyoa mimi, nimeuondoa mimi. Halafu mambo yake yatanijia mimi. Samahani mzee, nina watoto."

Muuza vitenge alirudi akicheka, na kicheko hicho ndicho cha mwisho cha aina yake nilichokisikia kwake. Siku alipokwenda Manyovu kuchukua mzigo wa vitenge alijaribu kinyozi wa huko mpakani, mtu asiyemjua. Alipakwa povu la sabuni. Mtu mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akamnong'oneza kinyozi. Wembe ukafungwa. Akarudi Kasulu na povu limekaukia kwenye masikio.

"Jinyoe mwenyewe," nilimwambia. Nilikuwa msomi, nilikuwa na suluhisho.

"Nikijinyoa nitakuwa nimekimbia," alisema. "Na nimekimbia nini, Mwalimu? Nimefanya nini?"

Ndipo walipokuja wazee watatu, na aliyewasemea alikuwa yule wa ndizi. Walikaa barazani, wakasalimia kwa makofi, wakauliza habari za biashara, za mvua, za mke, za ng'ombe ambao muuza vitenge hakuwa nao. Adabu yao ilikuwa ndefu mno kwa watu waliokuja kusalimia tu.

"Tumekuja kukumbusha," alisema mzee wa ndizi. "Msiba una kipindi. Hatutaki tukuharakishe."

"Wazee wangu, msiba si wangu. Ana watoto wake."

"Watoto wana nini chake?"

"Wana damu yake!"

"Damu hatuioni. Kofia aliyovaa kichwani iko wapi? Kiatu cha mguuni? Kilichovaliwa mkononi mwake?" Mzee alinyoosha kidole kuelekea chumba cha nyuma, bila ukali. "Mtu akifa, mwenye kuchukua vya mwilini mwake ndiye anakaa mahali pake. Siku ya kuondoa msiba tunamuuliza yeye. Mwenye neno na marehemu anasema, na yeye anajibu. Kisha ananyolewa, sote tunakwenda nyumbani. Sisi huku tuna maneno na Bwana Fimbo tangu hujaota ndevu. Hatukuwa na mtu wa kumuuliza."

"Mimi ni mtunzaji tu," alisema muuza vitenge. "Ni amana."

"Ego. Umeitunza vizuri."

Mke wake alitokea mlangoni na mwiko mkononi. "Wapeni vitu vyao waende navyo! Baba Asha, wape! Wape na lile jino la chini ya mto!"

"Mama, vitu si vyetu," mzee wa ndizi alimwambia kwa upole. "Sisi tunamtaka yeye."

Walipoondoka muuza vitenge alikaa muda mrefu akiuzungusha ule mpira kwenye kiganja. Akaniuliza kama chuo chetu kinaweza kuvipokea vitu vyote, hata leo, hata bila shukrani. Nilikwenda kwa mkuu wa chuo nikiwa na hoja nzuri kuhusu urithi wa utamaduni. Mkuu wa chuo, Mha wa Buhigwe mwenye tai, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Viatu vyake vimo?" Nikasema kimoja. Akasema chuo hakina nafasi.

Watu wananiuliza kwa nini hakuhama. Alikuwa na ndugu Ujiji na Bagamoyo, na vinyozi wa huko hawana habari na mtu. Mimi naamini ilikuwa ni kwa sababu ya tabia yake moja niliyoifahamu: hakuweza kuacha swali la mteja bila jibu. Hata jibu la uongo alilitoa pale pale, uso kwa uso. Na safari hii swali lilikuwa moja tu, naye alilijua, nami nililijua. Tulikuwa tumelisikia chumba cha nyuma likiulizwa kwa mkono ulioingizwa ndani ya kopo mpaka kwenye kiwiko.

Alianza kuota nywele. Zilikuwa nyeupe, laini, zikasimama kichwani kama ukungu. Wateja waliongezeka, jambo la ajabu, lakini walinunua bila kubishana bei, na muuza vitenge asiyebishaniwa bei ni mtu anayezungumza peke yake. Hata rangi akaacha kuisifu. "Itatoka," aliwaambia. "Ifue na maji baridi."

Mwaka 2015 ulikuwa mwaka wa malori. Watu walivuka kutoka Burundi kupitia Manyovu, wengine na godoro kichwani, wengine na nguo waliyoivaa tu, wakapelekwa Nyarugusu, na barabara ya Kasulu haikupata usingizi. Muuza vitenge alisimama mlangoni akiwatazama. Siku moja mwanamke alishuka kwenye lori lililoharibika, akaomba kipande cha kumfunika mwanawe. Alimkatia. Mwanamke akauliza, kwa kile Kirundi ambacho mwenye Kiha anakielewa bila tabu, kama kuna mtu anayejua waliobaki nyuma watazikwa na nani. Hakuwa akimuuliza yeye hasa. Alikuwa akiuliza tu.

Muuza vitenge alifunga duka saa ileile, akaingia ndani. Siku chache baadaye mke wake aliniambia kwamba ametuma neno Kumsenga, yuko tayari kuulizwa.

Nilimwona kwa mara ya mwisho huko huko, na sikuwa nimeenda kwa ajili yake. Nilikuwa nimepelekwa wilaya ya Kibondo kukagua wanachuo wanaofanya mazoezi ya kufundisha. Shule niliyopangiwa ilikuwa chini ya mteremko ule wa Kumsenga. Niliingia darasani nikakuta mwanachuo wangu akifundisha madawati. Wanafunzi wote walikuwa juu na wazazi wao.

Nilipanda. Majani yalikuwa mafupi mno kwa mahali pasipolishwa mbuzi. Watu walikuwa wamekaa duara, na katikati muuza vitenge alikuwa juu ya kigoda. Alikuwa amevaa kofia ya Mkuu juu ya nywele zile nyeupe. Mkono wa kushoto alikuwa ameuingiza kwenye ile glavu ngumu, vidole vimekataa kukunjika. Vitu vingine vilikuwa mkekani mbele yake, na kando ya mkeka alisimama mzee mwenye wembe na bakuli la maji. Aliponiona aliniashiria nikae karibu naye, nikakaa. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba nimepata nafasi nzuri ya kuona.

"Mwenye neno na marehemu aseme," alisema mzee wa ndizi.

Mtu mmoja alisimama. "Ulichoma nyumba ya baba ikiwa na mahindi ndani."

Nilimtazama rafiki yangu. Nilimjua kwa miaka mitatu na nilitegemea aseme hakuwepo.

"Niliichoma," alisema muuza vitenge.

"Ulisema tutakuta maji huko barabarani. Hatukukuta."

"Nilisema. Nilijua hayapo."

Waliendelea. Wengine walisema kwa Kiha, naye alijibu kwa Kiha, si kile cha sokoni. Hakuna aliyepiga kelele wala kulia. Kila aliyejibiwa alikaa chini kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, na kila jibu lilipotoka sauti ya mtu wangu ilizidi kuwa nzito na ya mbali, sauti ya hotuba, mpaka nikaacha kumtazama mdomo kwa sababu sikupenda kilichokuwa kikitokea hapo.

Mwisho alisimama bibi wa kopo.

"Mwana wanje, mwanangu, alikufa siku tatu kabla ya malori yako," alisema. "Nilimzika nyumbani, juu yake nikapanga mawe. Niliporudi kuangalia kulikuwa na majani, mawe hayapo, nyumba haipo, mteremko wote sura moja. Miaka yote hii nalia hewani. Mwanangu ulimweka wapi?"

Muuza vitenge alivua kofia. Akavua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Nilitafuta mahali pa kuweka kishimo," alisema. "Kila mahali kulikuwa na kokoto. Pakawa na mahali pamoja laini, pamechimbwa tayari. Niliyatupa mawe, nikaweka kopo." Kisha akasema, na hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya dukani, "Bibi, napajua. Mimi ndiye niliyelitoa. Twende nikuoneshe."

Aliinuka. Yule aliyekuwa akishuka kwenye baiskeli ili asipite makaburini alimshika bibi mkono. Watu wote waliinuka. Mkeka ulikunjwa na vitu vyote ndani yake, fimbo, kiatu, kofia, glavu, kopo, na wanaume wawili wakaubeba kwa pamoja kama wanavyobeba kitu kingine tunachokijua. Mwenye wembe alifuata na bakuli.

Alipokwenda hatua chache alisimama, akajipapasa mfuko wa sweta, akanirudia. Uso wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyeamka kutoka homa. Aliuchukua mkono wangu, akauweka ule mpira kiganjani, akanifumba vidole.

"Mwalimu," alisema, "nishikie, nakuja."

Nikashika. Wewe ungefanya nini? Mtu akikupa kitu mkononi unashika.

Walishuka upande wa pili. Niliona walipofika mahali wakasimama, akaelekeza kwa mkono, na bibi akakaa chini palepale, akajilaza ubavu kwenye majani. Jembe likaanza. Pembeni yake muuza vitenge alipiga magoti, mzee wa wembe akamwagia maji kichwani, na zile nywele nyeupe zikaanza kuanguka. Mkeka ukateremshwa ardhini na kila kilichokuwamo. Kisha ukungu ulipanda kutoka bondeni ukawameza wote, nikabaki na sauti ya jembe, halafu bila hata hiyo.

Nilikaa pale nikisubiri, naye hakurudi. Mzee wa ndizi alikuwa amebaki nyuma na watu wachache. Walinitazama kwa muda, si kwa ubaya. Walikuwa wanatazama mkono wangu. Kisha mzee alikuja, akavua kofia, akakaa kando yangu kwenye majani mafupi, akapiga makofi taratibu.

"Pole kwa msiba, Mwalimu," alisema.

Nikajishika kichwa. Nilikuwa nimepanga kunyoa kesho.